Adui wa Jumapili

Kila ninapoingia duka la vifaa vya ujenzi, hata kama nimefuata balbu tu, kinachonipokea kwanza ni harufu: saruji kavu, rangi ya mafuta, na misumari iliyokaa ndani ya katoni yenye unyevu. Muuzaji huniuliza ninatafuta nini, nami huchelewa kumjibu, kwa sababu kwa muda huo siko mbele yake. Niko Kasungami, bado msichana mdogo kiasi cha kusimama chini ya kaunta bila kuinama, na nje barazani wanaume wawili wanatishiana kuuana.

Kasungami ya wakati ule, pembezoni mwa mji wetu wa Katanga, ilikuwa nusu mtaa, nusu shamba. Mtu alinunua kiwanja, akafyatua matofali palepale, akajenga chumba kimoja, halafu akalima mahindi kukizunguka huku akingoja uwezo wa kujenga cha pili. Baba yangu, Kabange, alikuwa fundi katika karakana ya reli, kama babu kabla yake. Babu ndiye aliyeshuka kutoka kaskazini, upande wa Kabalo, akifuata kazi hiyo, akaleta mke wake, rozari yake na Kiluba chake. Sisi wajukuu tukabaki na rozari na Kiluba cha kusalimiana tu. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wetu, alikaa Papa Mukendi, mtu wa Kasai, mkoa wa mbali. Alikuwa amesomea ualimu, akafundisha kidogo, akaacha, akafungua duka la misumari, bati, rangi na makufuli. Mwenye duka kwa jina alikuwa yeye. Aliyejua kila kitu kilipo alikuwa mke wake, Mama Ntumba, na Ntumba mwenyewe, binti yao, alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja shuleni.

Kila Jumapili baada ya misa Baba alivuka barabara kwenda kucheza dama. Ubao wao ulikuwa kipande cha mlango wa zamani kilichopakwa miraba kwa rangi zilizobaki dukani, nyeusi na kijani. Kete zilikuwa vifuniko vya chupa. Baba alichezea vya bia. Papa Mukendi alichezea vya soda, kwani alitaka ijulikane kwamba yeye hanywi. Walianza jua likiwa kali, wakaacha Mama Ntumba alipofunga duka, na kati ya hapo hakuna aliyeweza kuwauliza kitu akajibiwa.

Kuanzia Jumapili asubuhi hawakusalimiana. Siku nyingine za juma walisalimiana vizuri tu, wakaazimana nyundo na toroli, wakapeana habari za wagonjwa. Lakini Jumapili Baba alipokuwa akinyoa ndevu mbele ya kipande chake cha kioo uani, alianza maneno yake.

"Leo njo namuua ule," alimwambia Mama; njo kwetu ni ndiyo. "Leo anakufa."

Mama alimjibu kwamba kabla ya kuua mtu apande kwanza akazibe bati linalovuja. Na kutoka ng'ambo, Papa Mukendi akiwa mlangoni na kikombe chake cha chai, tulimsikia akiuliza kwa sauti kama Kabange amekwisha kuandika wosia.

Kwa namna yangu ya kitoto niliyaamini maneno hayo, na sikuyaogopa. Baba akirudi ameshindwa, alisema, "Ameniua," akakaa mezani akala bukari yake, yaani ugali, akaenda kulala, na Jumatatu akaenda kazini. Nikaona kwamba kufa kwa mkono wa Papa Mukendi ni jambo jepesi, kama mafua. Kilichonitia wasiwasi kidogo ni siku Baba atakapoua yeye, maana mikono ya Papa Mukendi ilikuwa ya ualimu, laini, ila ya Baba ilikuwa ya chuma. Niliwahi kumwuliza Mama kwa nini wale wawili wanachukiana. Akasema hawachukiani, wanashindana. Sikuona tofauti. Mimi nilikuwa nashindana na msichana mmoja wa darasani kwa nafasi ya kwanza, na nilimwombea malaria kila usiku kabla ya Baba Yetu.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Mtoto hajui uchaguzi ni nini; anajua tu kwamba watu wazima wameanza kupunguza sauti. Malori yalipita barabarani yamebeba vijana wenye vitambaa kichwani, wakiimba kwamba wageni warudi kwao. Nilidhani wageni ni wale Wachina wa barabara ya Kipushi. Kwenye bomba la maji, wanawake waliokuwa wakichota pamoja sasa walichota kwa makundi. Mama Ntumba akaacha kuja bombani. Akawa anamtuma msichana wa kazi.

Ntumba ndiye aliyenieleza, tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya saruji nyuma ya duka. Alisema mama yake, alipokuwa msichana, alifukuzwa Katanga pamoja na wazazi wake na watu wengine wa Kasai. Walikaa stesheni muda mrefu wakingoja treni, mvua ikiwanyeshea, kisha wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Alikuwa na mdogo wake mchanga. Huyo mdogo hakufika. Ntumba aliyasema hayo kama anavyosema mtoto habari za watu ambao hakuwajua, akilamba embe. Nikamwuliza nani aliwafukuza. Akasema, "Bantu ba hapa." Nikamwuliza watu gani wa hapa. Akanyanyua mabega. Hakuambiwa.

Nilirudi nyumbani nikiyafikiria hayo, na nikamkuta Baba ameketi juu ya kigoda uani, panga katikati ya magoti, akilinoa kwa tupa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na majani yalikuwa yameanza kuyasonga mahindi. Ilikuwa Jumamosi. Jumapili iliyotangulia alikuwa ameshindwa vibaya, mbele ya majirani, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Alipima makali kwa kidole gumba, akatazama ng'ambo, akasema, si kwangu, kwake mwenyewe tu:

"Kesho, Mukendi. Kesho njo mwisho yako."

Nimekwisha kuyazungusha maneno hayo kichwani mara nyingi tangu niwe mtu mzima. Yalikuwa maneno yaleyale ya kila juma. Lakini malori yalikuwa yamepita, Ntumba alikuwa amenieleza habari ya treni, na tupa ilikuwa inalia juu ya chuma. Nilivuka barabara mbio. Niliwakuta Ntumba na mama yake wanachambua maharagwe, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba Baba ananoa panga, kwamba kesho atamuua Papa Mukendi, kwamba amesema mwenyewe, na kwamba afadhali Papa Mukendi ajifiche chini ya kitanda mpaka Jumatatu, kwa sababu Baba huua Jumapili tu.

Mama Ntumba hakushtuka kama nilivyotarajia. Aliweka ungo chini polepole. Aliniuliza kama panga ni lile la shamba. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kuna watu wengine pale nyumbani na Baba. Nikasema hakuna. Alinishika shavu, akanishukuru, akaniambia nirudi kwetu kabla hawajanitafuta. Mkono wake ulinuka maharagwe mabichi.

Asubuhi duka halikufunguliwa. Tulipotoka misa Baba alivuka barabara kama kawaida, akabisha, akazunguka nyuma, akabisha tena. Ubao ulikuwa barazani, umeegemezwa ukutani. Akaketi, akaupanga, vifuniko vyake na vya mwenzake, akangoja. Majirani waliokuja kutazama wakamwuliza mpinzani yuko wapi. Baba akasema ameogopa, amesikia kishindo akakimbia. Wakacheka. Na mimi, niliyekuwa nimekaa kizingitini kwetu nikimtazama, nilifurahi sana. Papa Mukendi hakufa, na Baba hakuua mtu. Nilikuwa nimefanya kazi ya watu wazima, tena vizuri.

Furaha ya Baba haikufika mbali. Jumatatu duka lilibaki limefungwa, Jumanne pia. Alitoka kazini kila jioni akitazama kwanza mlango wa duka, kisha ndipo aingie kwetu. Siku moja nilimsikia akimwuliza Mama kama kuna msiba upande wa akina Mukendi, kwa nini hawakuaga. Mama hakujua. Ntumba hakuonekana shuleni, na nafasi yake kwenye dawati ikapewa mvulana anayenuka mafuta ya taa.

Mama ndiye aliyeleta habari, kutoka bombani. Aliisema tukiwa mezani. Alisema wanawake wanasimulia kwamba akina Mukendi wamehamia kwa kaka mkubwa wa Papa Mukendi, mtaa wa Golf, na kwamba waliondoka usiku kwa sababu Kabange wa reli alinoa panga akaapa kumchinja jirani yake.

Baba alicheka. Alicheka kweli, na tonge mkononi. Kisha akaona Mama hacheki.

"Nani alisema vile?" akauliza.

"Ni miye," nikasema, maana nilikuwa nimengoja muda mrefu mtu aulize. "Nilimuambia Mama Ntumba kama unataka kumuua Papa Mukendi."

Nilidhani atanisifu, au basi atanigombeza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudisha tonge kwenye sahani, akaliangalia kama la mtu mwingine.

"Na ye aliamini?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi. "Mukendi aliamini?"

Hakumaliza chakula. Mama aliniita chumbani akanieleza, kwa mara ya kwanza, kwamba katika dama kuua ni kula kete zote za mwenzako, na kwamba hakuna anayekufa. Nilimsikiliza na nikaelewa, lakini sikuona bado tatizo liko wapi. Kama haikuwa kweli, si wangerudi tu?

Jumapili iliyofuata Baba hakunyoa ndevu akitoa vitisho. Alivaa suruali ya misa, akauchukua ubao barazani kwa Papa Mukendi, akavitia vifuniko vyote kwenye mfuko, akaniambia nivae viatu. Mama alitufungia bowa, uyoga wa mvua za kwanza, ndani ya majani ya mgomba, akasema mikono mitupu haibishi mlango wa mtu aliyekimbia. Tulipanda basi mpaka mjini, tukatembea sehemu iliyobaki. Sikuwahi kufika Golf. Barabara ilikuwa nyeusi, laini, haina mtu. Nyumba hazikuonekana, zilionekana kuta tu, na juu ya kuta maua mekundu, na ndani ya kuta mbwa.

Kwenye lango la kaka yake Papa Mukendi, santineli, yaani mlinzi, alituchungulia kupitia kidirisha kidogo. Baba alifungua mdomo ataje jina lake, akaufunga. Nafikiri aliona kwamba jina Kabange, kwenye lango lile, kwa juma lile, lisingemsaidia. Akafikiri, akasema:

"Mwambie adversaire yake njo amefika."

Hilo neno la Kifaransa, mpinzani au adui, lilikuwa baya zaidi. Santineli aliutazama ule ubao wa mlango chini ya kwapa la Baba, akafunga kidirisha, tukasikia komeo la pili likisukumwa. Tulisimama juani. Jasho lilimtiririka Baba nyuma ya sikio na hakulifuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na ubao na wa pili ulinishika mimi.

Lango lilifunguliwa na Papa Mukendi mwenyewe, amevaa kandambili. Nyuma yake, mbali kidogo, nilimwona Mama Ntumba amesimama kwenye ngazi za nyumba, na Ntumba ameshika kitenge chake. Papa Mukendi alikuwa amekonda, au labda ni zile nguo za kuazima. Wanaume wale walitazamana. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakitazamana Jumapili bila ubao katikati yao.

"Mutoto alisikia mubaya," Baba akasema. "Ilikuwa mambo ya dama."

"Nilijua," Papa Mukendi akasema.

"Ulijua?"

"Tangu mbele. Mama Ntumba alipokuja kuniambia, mi nilicheka. Nikamuambia, ule ni Kabange, anaongea vile kila siku. Njo akaniuliza: uko na uhakika? Nikatafuta jibu, Kabange. Nikatafuta, nikaona ninachelewa. Ye akaanza kufunga bintu."

Baba aliangalia viatu vyake. Papa Mukendi aliendelea taratibu, kama mwalimu anayemweleza mtoto hesabu asiyoipenda. Alisema baba yake alikuwa na mtu waliyecheza naye karata kila jioni, mtu wa hapa, rafiki wa nyumbani. Siku vijana walipokuja kuwatoa, wakati ule wa treni, yule mtu alikuja nao. Hakushika kitu mkononi. Alisimama tu mlangoni, akawaonyesha vyumba viko vingapi.

"Haukuniambiaka ile," Baba akasema.

"Ningekuambia nini?"

"Mi siko ule muntu, Mukendi."

"Najua. Lakini ule naye, Papa yangu alimujua."

Mbwa alikuwa anabweka nyumba ya jirani. Nilikuwa nimekishika kifurushi cha bowa kwa mikono miwili, na ndipo nilipoanza kuelewa, kwa jinsi mtoto anavyoelewa, kwamba Baba alikuwa ameumia mahali ambapo hakuna aliyempiga. Mama Ntumba alishuka ngazi. Alimsalimia Baba kwa heshima, bila kumpa mkono. Akapokea bowa, akauliza hali ya Mama, akasema wanaume wasisimame langoni kama wadai.

Wakawekewa viti chini ya paa la magari. Baba akalaza ubao juu ya kreti, akamwaga vifuniko, wakavipanga. Mimi na Ntumba tukakaa ngazini tukawatazama.

Hata mimi, niliyekuwa sijui mchezo, niliona Baba hachezi. Alisogeza kete kama mtu anayefagia. Papa Mukendi alikula moja, akala nyingine, akala mbili kwa mruko mmoja, na Baba hakulalamika wala hakuinamisha kichwa kama alivyozoea. Papa Mukendi alinyoosha mkono kula tena, kisha akaurudisha juu ya goti.

"Haucheze," akasema.

"Nacheza."

"Unaniachia." Hakupandisha sauti. "Kabange, sikia. Wale ba malori wanasema mi siko wa hapa. Weye ulikuwa unanitukana kila Jumapili, unanitafuta mbele ya bantu boote, ukinishinda unalala muzuri, nikikushinda inakuuma juma nzima. Ile njo ilikuwa inanionyesha niko wa hapa. Leo unanihurumia. Ukinihurumia, njo umenifukuza kweli. Cheza."

Baba akavuta kiti chake mbele, akaweka viwiko juu ya magoti, akainamisha kichwa. Nilikitambua kile kisogo. Alikuwa amerudi.

Alikuwa amekwisha kupoteza kete nyingi mno. Alipigana, akajificha pembeni, akamchelewesha Papa Mukendi, na karibu amnase mara moja. Halafu ghafla tukasikia kelele. Baba alikuwa amesimama anamwonyesha mwenzake kidole, anasema kifuniko kile hakikuwa pale, Mukendi amekisogeza wakati yeye anafuta jasho. Papa Mukendi naye amesimama, anauliza tangu lini watu wa reli wana macho. Santineli alikuja mbio na rungu, akawakuta watu wazima wawili wanapigania kifuniko cha soda. Akamtazama Mama Ntumba ajue ampige nani. Mama Ntumba alikuwa amekaa ngazini nyuma yetu. Mabega yake yalikuwa yameshuka, kwa mara ya kwanza tangu tuingie, na alikuwa anaanza kutoa bowa kwenye majani moja moja, akizipangusa udongo.

Baba alishindwa. Alishindwa kweli, na njiani kurudi alibishana na hewa kuhusu kile kifuniko.

Papa Mukendi alirudi Kasungami peke yake kwanza, akalala dukani. Mke wake na Ntumba walirudi baadaye, kura zilipokuwa zimekwisha kuhesabiwa na malori yamerudi kubeba mchanga. Kwetu hakukuwa kumetokea kitu. Hilo lilimtosha Baba kusema kwamba hapakuwa na sababu ya kuogopa. Mama Ntumba hakulisema hivyo. Yeye alisema safari hii hakukutokea kitu.

Mchezo ulirudi, lakini Baba alikuwa na shida mpya. Alikuwa amelipoteza neno lake. Asubuhi alinyoa ndevu kimya, na alipokuwa amembana mwenzake pembeni, kete ya mwisho imekosa pa kwenda, alikohoa akasema, "Basi, nafikiri nimemaliza." Papa Mukendi alikasirika. Alisema hiyo si namna ya kushinda, hayo ni maneno ya mtu wa benki. Akamwambia aseme vile alivyokuwa anasema. Baba akageuka kumtazama Mama Ntumba, aliyekuwa nyuma ya kaunta akipima misumari kwenye mizani. Barazani kulikuwa na majirani, na wote wakageuka naye.

Mama Ntumba hakuinua kichwa.

"Muue, Baba Ngoie," akasema, akimwita kwa jina langu. "Muue haraka, aingie anisaidie kubeba hii katoni."

Majirani walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye mfuko wa saruji. Baba hakucheka. Alisogeza kifuniko chake, akala kile cha mwisho, akasema alichopaswa kusema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejibu litania.

Nilidhani mambo yameishia pale. Lakini uchaguzi mwingine ulikuja, nikiwa nimekwisha kuwa msichana mkubwa wa sekondari, na kabla malori hayajaanza kupita Mama Ntumba alifungasha tena. Safari hii hakuondoka usiku. Alitangaza mwenyewe bombani kwamba wanaenda kumtembelea shemeji yake kwa muda, mume na yeye na watoto. Kila mtu alielewa, na hakuna aliyemwuliza. Alivuka barabara akiwa amevaa nguo za safari, akamkabidhi Baba funguo za duka, akamwomba asilifunge, wateja wasije wakazoea kwingine.

Pale mtaani walikuwepo watu wa Kasai, jamaa zake wa kanisa na wa lugha, ambao angeweza kuwaachia. Nilimsindikiza hadi mahali pa kungojea teksi nikiwa nimebeba kikapu chake, na nikamwuliza kwa nini amemchagua Baba. Alitazama barabara kuona kama teksi inakuja.

"Baba yako anatafutaka kumushinda bwana yangu miaka yote hii, mbele ya bantu, mu mwangaza," akasema. "Na akishindwa, anashindwa. Muntu wa vile ataniibia nini nyuma ya mugongo?"

Teksi ilipofika akapokea kikapu, akaniambia nihakikishe Baba hachanganyi misumari ya bati na ya mbao, maana macho ya watu wa reli si ya kuaminiwa, akaingia kwenye teksi.